Kabla ya Kulipa Ada ya Chuo cha Afya

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne hutangazwa, kwa kawaida, mwezi Januari. Kwa kaya nyingi za Ngorongo na vijiji jirani vya bonde la Rufiji, huo ni wakati mbaya wa kudaiwa fedha: mpunga ungali shambani, ufuta haujavunwa, na malipo ya korosho za msimu uliopita yamekwisha kugawanywa. Hata hivyo ndio wakati ambapo simu hujaa matangazo ya vyuo. Lipo linaloahidi kozi ya afya ya miezi sita na ajira ya uhakika, na lipo linalosema nafasi zimebaki chache, tuma fedha ya fomu leo. Mzazi mwenye kijana aliyefaulu Biolojia na Kemia hushawishika kwa urahisi, kwa kuwa anajua kwamba zahanati za vijijini zina upungufu wa watumishi, na haoni sababu ya mwanawe kukosa kazi.

Somo hili halimchagulii mtu chuo. Linamwonyesha mzazi na mwombaji mpangilio wa maswali, kwa sababu mafunzo ni huduma inayonunuliwa kama nyingine yoyote, na anayeinunua analindwa na sheria akiwa mlaji. Tofauti ni kwamba bidhaa hii hulipiwa kwa miaka mitatu kabla ya kujulikana kama ilikuwa nzima. Kasoro yake haionekani darasani. Huonekana siku mhitimu anapopeleka cheti chake mahali na kuambiwa kwamba hakitambuliwi.

Anza na kazi, kisha rudi nyuma hadi chuoni

Watu wengi huanza kwa kutafuta chuo chenye ada nafuu, kisha huuliza kina kozi gani, na mwisho kabisa hufikiria kazi. Tunashauri mpangilio huo ugeuzwe. Chukua tangazo la nafasi za kazi la Sekretarieti ya Ajira au la Wizara ya Afya, hata kama muda wake umepita, usome sifa za mwombaji wa kada unayoitaka. Utaona kwamba kwa kada nyingi tangazo hutaja mambo mawili: ngazi ya elimu kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali, na usajili au leseni ya baraza la taaluma. Cheti peke yake hakitoshi.

Mabaraza hayo ni kadhaa, na kila moja lina watu wake. Wauguzi na wakunga husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, watoa dawa na wafamasia na Baraza la Famasi, maafisa tabibu na madaktari na Baraza la Madaktari Tanganyika. Wataalamu wa maabara, wa mionzi, wa miwani na wa afya ya mazingira nao wana mabaraza yao. Baadhi ya mabaraza huwapa wahitimu mtihani kabla ya kuwasajili. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kuuliza ada, ni hili: mhitimu wa kozi hii, kwa ngazi hii, husajiliwa na baraza gani, na kwa jina gani la kada? Mtangazaji asiyeweza kulijibu kwa sentensi moja hana cha kukuuzia.

Swali la ngazi lisipuuzwe. Katika mfumo wa tuzo za ufundi nchini, ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ngazi ya 5 ni astashahada na ngazi ya 6 ni stashahada. Anayetoka kidato cha nne hufika stashahada kwa miaka mitatu. Wapo wanaopanga kusoma mwaka mmoja, kutafuta kazi, kisha kuendelea kwa fedha zao wenyewe. Mpango huo unaweza kuwa mzuri, lakini tu pale ambapo kuna kazi halali kwa mwenye ngazi hiyo. Muundo wa kada za afya umebadilika mara kwa mara, na kozi aliyosoma shangazi miaka kumi iliyopita huenda leo haina nafasi katika utumishi.

Kazi ile ile, mafunzo ya aina tatu

Wakazi wa Rufiji hawahitaji kwenda mbali kulielewa jambo hilo. Kuanzia mwaka 2011 Taasisi ya Afya Ifakara, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, ilitekeleza mradi ulioitwa Connect katika wilaya za Rufiji, Kilombero na Ulanga. Vijana waliopendekezwa na vijiji vyao walipewa mafunzo ya miezi tisa mjini Ifakara, wakarudi nyumbani wakiwa Wawezeshaji wa Afya ya Jamii, ambao watu waliwazoea kwa jina la WAJA. Walikuwa wakilipwa mshahara. Kati ya vijiji 101 vilivyohusika, 50 vilipata wahudumu hao, na vingine vilibaki vya kulinganishia, kwa maana ule ulikuwa utafiti.

Baadaye yakaja mafunzo ya mwaka mmoja ya afya ya jamii katika ngazi ya 4, yaliyotolewa vyuoni kwa ada. Kisha tarehe 31 Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafikia wahudumu 137,294 katika miaka mitano, yaani wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa wa Tanzania Bara. Mafunzo ya mpango huu ni ya miezi sita, na mhudumu huchaguliwa na jamii anamoishi.

Kazi ni ile ile ya kuzunguka nyumba kwa nyumba, kumwona mama mjamzito, kupima mtoto na kumpeleka mgonjwa zahanati. Lakini katika muda usiozidi miaka kumi na mitano njia ya kuiingia imekuwa ya miezi tisa, ya mwaka mmoja, na ya miezi sita. Aliyejifunza kwa njia moja hakuwa na hakika ya kupokelewa na njia iliyofuata. Hatusemi kwamba mafunzo yoyote kati ya hayo yalikuwa mabaya. WAJA walifanya kazi ya kuheshimika. Tunachotaka msomaji akione ni kwamba thamani ya cheti hukaa katika utaratibu wa ajira unaokipokea, na utaratibu huo una tarehe.

Kwa sababu hiyo, kijana wa Ngorongo anayeona tangazo la kulipia kozi ya "mhudumu wa afya ya jamii ya miezi sita" asimame kwanza. Katika mpango wa Serikali nafasi hizo hupitia kitongojini. Aende kwa mtendaji wa kijiji na kwa mganga mfawidhi wa zahanati, aulize kama kitongoji chake kimekwisha kuchagua watu wake na ni lini uchaguzi mwingine utafanyika. Huenda akagundua kwamba alikuwa karibu kununua kitu ambacho hakiuzwi.

Mambo matatu ya kuhakiki

Msimamizi wa vyuo vya kati nchini ni Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, linalojulikana zaidi kwa kifupi chake, NACTVET. Kozi za uuguzi, maabara, famasi, utabibu, meno, mionzi, fiziotherapia, kumbukumbu za afya na nyinginezo huziweka katika kundi moja liitwalo afya na sayansi shirikishi. Kila mwaka baraza hilo hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili kinachoorodhesha vyuo, kozi, sifa za kujiunga, idadi ya nafasi na ada. Kitabu hicho hupatikana bila malipo katika tovuti yake, www.nactvet.go.tz. Kama huna simu ya kufungulia, mwalimu wa sekondari ya kata anaweza kukufungulia kwa dakika chache. Ni nyaraka yenye faida kubwa kuliko matangazo yote utakayotumiwa, na inasikitisha kwamba wazazi wengi huisikia baada ya kulipa.

Hakiki kwanza chuo. Kila chuo halali kina namba ya usajili, na chuo kisichopenda kuitaja namba yake kwa simu kimekwisha kukujibu. Usajili si sawa na ithibati: usajili unakiruhusu chuo kuendesha mafunzo, na ithibati ni uthibitisho kwamba kimefikia viwango. Uliza vyote viwili.

Hakiki pili kozi. Hapa ndipo watu makini hunaswa. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa kwa kozi ya famasi, na wakati huo huo kikawa kinadahili wanafunzi wa maabara bila kibali cha kozi hiyo. Bango la langoni hubaki lile lile na walimu wale wale, na mwanafunzi wa maabara hana njia ya kujua isipokuwa kutafuta jina la kozi yake, na ngazi yake, mbele ya jina la chuo katika kitabu cha mwongozo cha mwaka anaojiunga. Cha mwaka jana hakitoshi.

Tatu, hakiki jina lako. Baada ya kudahiliwa, chuo kinatakiwa kupeleka majina ya wanafunzi NACTVET ili yahakikiwe dhidi ya matokeo yao ya sekondari. Mwanafunzi ambaye jina lake halikupita uhakiki anaweza kukaa darasani, kula bwenini na kulipa ada, ilhali katika kumbukumbu za Taifa hayupo. Baraza limeweka njia ya mwanafunzi kujihakiki mwenyewe katika tovuti. Fanya hivyo katika wiki za mwanzo za muhula wa kwanza, kabla ya kulipa awamu ya pili.

Sifa za kujiunga nazo zinakulinda. Kwa kawaida kozi za afya huhitaji ufaulu wa angalau alama D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia na Biolojia, na kozi nyingi huhitaji Fizikia pia. Mtu akikuambia kwamba chuo chake "kitasaidia" mwombaji asiye na Kemia, anakuambia pia kwamba jina hilo litakwama katika uhakiki. Kwa mwombaji wa namna hiyo ushauri wa haki, ijapokuwa si mtamu, ni kurudia mtihani wa somo hilo akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, au kutafuta fani nyingine.

Kuhusu maombi yenyewe, kwa miaka ya karibuni NACTVET imekuwa na mfumo wa pamoja wa udahili kwa kozi za afya za Tanzania Bara. Utaratibu wa vyuo vipi vinapitia mfumo huo na vipi vinaombwa moja kwa moja hutangazwa kila mwaka, hivyo soma tangazo la mwaka husika. Huhitaji wakala. Anayekuomba fedha ili "akuingize kwenye mfumo" anakutoza kwa kazi unayoweza kuifanya mwenyewe.

Ubora usioandikwa kwenye karatasi

Uhalali ni kizingiti cha chini. Vyuo viwili halali vinaweza kutofautiana sana, na kwa fani za afya tofauti kubwa iko katika mazoezi kwa vitendo. Huwezi kujifunza kuchoma sindano kwa kunakili ubaoni, wala kusoma kioo cha damu yenye vimelea vya malaria kwa kuona picha. Uliza chuo kinapeleka wanafunzi hospitali gani, kwa wiki ngapi, na wanafunzi wangapi huwa wodini kwa pamoja. Uliza maabara ina darubini ngapi zinazofanya kazi, na wanafunzi wangapi huzitumia.

Wakazi wa Rufiji na Kibiti wana kipimo ambacho hakigharimu kitu. Hospitali ya Wilaya ya Utete na vituo vya afya hupokea wanafunzi wa mazoezi kutoka vyuo mbalimbali. Unapompeleka mgonjwa, ongea na muuguzi wa zamu au mtaalamu wa maabara: wanafunzi wa chuo gani huja wakijua kazi, na wa chuo gani huanza kufundishwa upya? Watumishi hao hawana bidhaa ya kukuuzia. Nasi tunaamini maneno yao kuliko picha za majengo.

Swali la mwisho la ubora ni matokeo. Mitihani ya mwisho ya muhula kwa vyuo vya afya huratibiwa na Wizara ya Afya, kwa hiyo chuo hakiwezi kujipendelea. Uliza wangapi walianza mwaka wa kwanza miaka mitatu iliyopita, na wangapi kati yao walimaliza kwa wakati. Jibu la "wanafunzi wetu wote hufaulu" si jibu.

Ada ni sehemu tu ya gharama

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Tarakimu zake si za chuo chochote. Chuo cha kwanza kiko mkoani, na ada yake ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Bweni ni 300,000, mitihani na udhibiti ubora 200,000, sare na vifaa 150,000, chakula 120,000 kwa mwezi kwa miezi kumi, na nauli za likizo 160,000. Jumla ni shilingi 3,310,000. Chuo cha pili kiko mjini na ada yake ni 900,000 tu. Hakina bweni, hivyo chumba ni 60,000 kwa mwezi kwa miezi kumi. Daladala ni 2,000 kwa siku kwa siku 200. Mitihani ni 200,000, sare na vifaa 150,000, na kuna "mchango wa hospitali" wa 250,000 ambao haukuwa katika tangazo. Chakula cha mjini ni 150,000 kwa mwezi, na nauli za likizo 80,000. Jumla ni shilingi 4,080,000. Chuo chenye ada iliyo pungufu kwa laki nne kimekuwa ghali zaidi kwa shilingi 770,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni shilingi 2,310,000.

Omba fomu ya maelekezo ya kujiunga kabla ya kulipa chochote, uandike mwenyewe hesabu kama hiyo. Fomu hiyo ndiyo mkataba wako. Kisichoandikwa humo na kikadaiwa baadaye una haki ya kukihoji.

Usiangalie Dar es Salaam peke yake. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mtu wa Rufiji anayekwenda kusini hasubiri tena kivuko cha Ndundu, na vyuo vya Serikali vya maafisa tabibu vya Lindi na Mtwara, pamoja na kile cha Kibaha katika mkoa wetu wenyewe, vinastahili kulinganishwa na vile vinavyojitangaza kwa sauti kubwa.

Uliza pia awamu za malipo. Vyuo vingi hupokea ada kwa awamu, na kwa mkulima tarehe za awamu zina uzito sawa na kiasi chenyewe. Fedha za ufuta huingia katikati ya mwaka, za korosho kuanzia Oktoba. Ukiandika barua mapema kueleza hali hiyo, ukuu wa chuo unaweza kukubali ratiba inayofuata mavuno. Ukinyamaza hadi siku ya mtihani, kijana atazuiwa mlangoni. Walioupoteza mpunga wao katika mafuriko ya Aprili 2024 wanajua ratiba huvurugika vipi, na barua iliyogongwa mhuri na mtendaji wa kijiji ina nguvu kuliko ahadi ya simu.

Mikopo ipo, lakini si kwa kila kozi. Katika mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na katika afya ilizilenga zaidi fani zenye wataalamu wachache, kama fiziotherapia na optometria. Orodha hutolewa kila mwaka. Kijana ambaye hajaamua kati ya fani mbili aisome kabla ya kuchagua, maana kuna anayeikimbilia uuguzi kwa sababu tu ndiyo kazi pekee ya afya anayoiona zahanati.

Kulipa, na kudai ukikosewa

Lipa benki au kwa mtandao wa simu katika akaunti yenye jina la chuo. Vyuo vya Serikali hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12, na jina la mlipwaji huonekana kabla ya kuthibitisha. Likionekana jina la mtu binafsi, usiendelee. Usimkabidhi mtu fedha taslimu, hata akiwa mwalimu wa chuo hicho na hata akiwa ndugu.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumhadaa mlaji, na chuo kinachotangaza ithibati kisichokuwa nayo kinaingia humo. Malalamiko kuhusu usajili, kozi au uhakiki wa majina yapelekwe NACTVET kwa maandishi. Yanayohusu matangazo ya uongo yapelekwe Tume ya Ushindani. Na mtu aliyechukua fedha kwa jina la chuo kisichokuwepo aripotiwe polisi, kwani hiyo ni jinai. Katika kila hali utaulizwa ushahidi, nao ni huu: tangazo lenyewe, kwa hiyo usiufute ujumbe wa simu wala usitupe kipeperushi, fomu ya maelekezo ya kujiunga, risiti zote za malipo, na barua ya udahili. Viweke pamoja katika bahasha moja tangu siku ya kwanza, vitolewe nakala, na nakala moja ibaki nyumbani kijana anapoondoka.